Ikikosea, Nani Atajibu?

Wapendwa, wengi mnauliza kama akili unde itatunyang'anya kazi. Mimi naona swali zito ni hili: tukifanya kazi nayo, ikikosea nani atajibu?

Mwaka 2025, kliniki 15 za Penda Health jijini Nairobi zilijaribu programu kama hiyo pamoja na kampuni ya OpenAI. Mhudumu anaandika dalili na dawa, programu inasoma. Kijani, endelea. Manjano, angalia. Nyekundu, simama ufikirie tena. Lakini uamuzi wa mwisho ni wa mhudumu. Waliotumia walikosea kidogo kuliko wasiotumia: kwa asilimia 16 katika kutambua ugonjwa, na 13 katika matibabu.

Ukikataa kuonywa eti kwa sababu anayekuonya ni mashine, hicho ni kiburi, na mgonjwa ndiye ataumia. Ukikubali kila kitu bila kupima, huo ni uvivu. Mashine haitamkabili mama wa mtoto kumweleza. Haitatoa hesabu mbele za Mungu. Wewe utatoa.

Basi hapa Eldoret, ukiitumia kupiga hesabu za duka ama kuandaa somo la ushirika, sikiza onyo, pima, kisha weka jina lako. Juma hili soma Mithali 12:1.