Kosa Lililopewa Jina

Negroni ya kawaida ni hesabu rahisi: jin, Campari na vermuti nyekundu tamu, kila kimoja kipimo sawa, juu ya barafu. Waitaliano huinywa kabla ya chakula cha jioni, ule uchungu wake ufungue hamu ya kula. Sasa, mwaka 1972, katika Bar Basso mjini Milano, Mirko Stocchetto alikuwa akiichanganya. Inavyosimuliwa, mkono ukashika chupa ya mvinyo wa mapovu badala ya jin. Kinywaji kikatoka chepesi, cha kuburudisha. Kikaitwa Negroni Sbagliato, yaani Negroni iliyokosewa.

Leo kinaagizwa hata mbali na Italia, na Stocchetto anasifiwa. Lakini hebu tuulizane: tunamsifu kwa lipi hasa? Si alikosea tu, bahati ikamwangukia?

Fikiria madereva wawili Thika Road, wote wanachungulia simu. Mmoja anafika nyumbani, anakula, analala. Mbele ya mwingine mtoto anavuka. Uzembe ni uleule, ila mmoja tutamwita muuaji na mwenzake hatutamwita chochote. Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliliandikia jambo hili na kuliita bahati ya kimaadili: tunahukumu watu hata kwa yale yasiyokuwa mikononi mwao.

Wengine watasema, sawa tu, maisha ni matokeo. Mimi sikubali. Ukimsifu mtu kwa sababu kosa lake lilitoka tamu, basi itabidi umlaumu mwenzake kwa sababu tu lake lilitoka chungu. Hapo humpimi mtu, unapima bahati.

Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Ila wengi hupotea na wasijue kitu. Anayejua njia ni yule aliyesimama akaangalia alipo. Kwangu, sifa ya Milano iko hapo: glasi haikumwagwa, na kosa halikufichwa. Wangekiita uvumbuzi, nani angebisha? Badala yake kosa likabaki kwenye jina, na kila anayeagiza analitamka.

Basi yule dereva aliyefika salama asijione bora. Hakuna aliyemwona, hakuna atakayemshtaki. Bado anapaswa kujiambia amekosea, na kesho simu ikae mfukoni.