Umeajiriwa Kupima, Siyo Kufikiri

 

Mnaoishi Korogwe mmezoea mkonge mpaka hamuuoni tena. Zao hilo lililetwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba yake yakahitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi ya kukusanya vibarua kutoka mikoa ya mbali. Watu wale wakaitwa manamba, kwa sababu mtu alijulikana kwa namba. Siku zake za kazi ziliandikwa kwenye kipande, zikitimia 30 analipwa.

Sasa fikiria: namba haiulizi swali. Namba haioni kwamba kitu hakiko sawa. Aristotle alimwita mtumwa chombo chenye uhai, na mimi naona wazo hilo halikufia Ugiriki.

Manamba wameisha, ila lugha ya kuwahesabu watu kama mikono tu ipo. Binti mmoja wa huku Handeni, kibarua kwenye ghala la mahindi, aliona wakulima wanabishana na mizani kila siku. Hakukurupuka. Alichukua mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, akaupima. Mizani ikasoma 47. Akapima mwingine, 47 tena. Akamweleza msimamizi taratibu, kwa heshima. Akajibiwa: "Umeajiriwa kupima, siyo kufikiri." Ndipo akaniuliza, "Frateri, nikiendelea kupima nina dhambi?"

Swali si jepesi, maana nyumbani wanaitegemea hela ile. Lakini mizani ya uongo ni wizi, Methali 11:1 inaiita chukizo kwa Bwana, na Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba mkubwa hatiiwi anapoamuru kinyume cha Mungu. Akishajua, hawezi tena kusema "mimi natumwa tu". Hata hivyo, sikumwambia aende kupiga kelele peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inadai sababu halali na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, lakini kinga hiyo haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita, na vibarua wengi mpo hapo hapo. Kwa hiyo nilimshauri atafute wenzake kwanza, waende pamoja kwa mwenye ghala mwenyewe. Huenda hajui, huenda mizani imeharibika tu. Akikataa kusikia, kuna Wakala wa Vipimo, ambao kazi yao ni kukagua mizani. Na wakati wakisubiri, aombe kazi ya kushona magunia. Inawezekana ina ujira mdogo, na huo ni msalaba kweli, sitaki kuupaka sukari.

Wengine mtasema, mbona Kanisa linafundisha utii? Linafundisha, ndiyo. Ila wasimamizi wetu wengi wanapenda nusu moja tu ya mafundisho hayo. Thomas, anapozichambua sehemu za busara, anataja mojawapo kwa Kilatini, docilitas, yaani wepesi wa kufundishika. Anajiuliza kama hiyo ni fadhila ya wadogo peke yao. Anajibu kwamba hata wakubwa wanaihitaji katika baadhi ya mambo, kwa kuwa hakuna mtu anayejitosheleza kwa kila kitu. Kwa hiyo bosi asiyefundishika amepungukiwa busara, hata kama ofisi nzima inamwogopa. Mnajua kwamba nyuzi za mkonge ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wa jani? Mengine yalimwagwa nyuma ya korona miaka na miaka, mpaka pale Hale ulipojengwa mtambo wa kutengeneza biogesi kwa taka hizo. Bosi wa namna hiyo anachukua mikono ya kijana, anamwaga akili yake, halafu kwenye kikao analalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana ubunifu.

Na sisi tusijipendelee. Padre Joseph Cardijn alianzisha chama cha vijana wafanyakazi Ubelgiji mwaka 1925 kwa hatua tatu: ona, amua, tenda. VIWAWA yetu imetoka kwenye ukoo huo. Sisi tunaona, halafu tunaruka moja kwa moja kwenye kutenda, na kutenda kwenyewe ni kumsema bosi kwenye kikundi cha WhatsApp. Ya katikati tunaikwepa kwa sababu inachosha: kupima tena, kuuliza upande wa pili, kukubali kwamba labda mkulima ndiye anayedanganya. Ule mfuko wa saruji ndio "amua". Bila huo, binti yule angekuwa na hasira tu.

Ninyi ambao tayari mnasimamia watu, hata wawili kwenye kibanda cha miamala, someni sura ya 3 ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Abate anatakiwa kuwaita wote kwenye shauri, kwa sababu mara nyingi Bwana humfunulia mdogo lililo bora. Uamuzi unabaki kwake, lakini anasikiliza kwanza. Kesho asubuhi anza na aliyeajiriwa mwisho: muulize ameona nini jana, kabla hujasema unachotaka wewe. Ukishasema wewe, wote wataitikia tu.