Bahari Ndani ya Sanduku

Sisi watu wa kando ya Tanganyika samaki tunamjua. Tunamvua, tunamkausha, tunamla, na ziada tunaipeleka sokoni. Lakini wako samaki wadogo wa ziwa letu wanaonunuliwa wangali hai, wanatiwa katika mifuko ya maji na kupelekwa Ulaya kwa ndege. Huko hawaliwi. Wanawekwa katika sanduku la kioo, watu wakae kitini na kuwatazama. Niliposikia habari hiyo mara ya kwanza nilicheka. Nikasema: Hawa wana feza za kuchezea.

Baadaye nilikwenda Ubelgiji kwa masomo ya mwaka mmoja, nikapanga chumba kwa mzee mmoja na mkewe. Sebuleni mwao palikuwa na sanduku la namna hiyo, la lita 400, lakini maji yake yalikuwa ya bahari. Mzee alilianza mwaka 2003. Mimi nilifika mwaka 2021. Nikaacha kucheka.

Ndani mlikuwa na matumbawe. Wengi wetu hatujaona bahari, basi nieleze. Tumbawe ukiliona utasema ni jiwe, au mti mdogo. Si jiwe wala si mti: ni wanyama wadogo sana wanaokaa pamoja kwa wingi na kujijengea nyumba ngumu ya chokaa. Ndani ya miili yao hukaa mimea isiyoonekana kwa macho, nayo huwalisha kwa nguvu ya mwanga. Maji yakizidi joto, mimea hiyo huwatoka, tumbawe hugeuka jeupe, na mara nyingi hufa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998 katika Bahari ya Hindi, hata pwani ya Kenya na Tanzania. Sebuleni yatosha chombo kimoja cha kupasha maji moto kiharibike.

Kwa hiyo kazi haina siku ya kupumzika. Katika kila lita ya maji ya bahari mna gramu 35 hivi za chumvi. Maji hupanda hewani kila siku, chumvi hubaki. Basi yakipungua usiongeze ya chumvi. Ongeza maji matamu, kidogo kidogo, kila siku. Mzee aliyaongeza kila asubuhi kabla ya kunywa kahawa yake. Piga hesabu: miaka 18 ni asubuhi zaidi ya 6,500.

Je, ni haki kumfunga kiumbe hivyo? Nilimwuliza siku moja, maana mwalimu hawezi kujizuia kuuliza. Hakukasirika. Akasema samaki wengi sana wa bahari wanaouzwa hivyo wamekamatwa baharini, na kwamba huko Filipino na Indonesia wako wavuvi waliotumia sumu ya sianidi kuwalevya, sumu inayoua hata matumbawe. Akaungama jambo lingine. Sanduku jipya linataka majuma kadhaa, mpaka bakteria wanaoigeuza sumu ya uchafu wa samaki wawe wengi wa kutosha. Yeye hakungoja, na samaki wake watano wa kwanza wakafa. “Niliwataka,” akasema. “Sikuwapenda bado.”

Neno hilo halijanitoka. Mtu wa kwetu atasema: hata sisi tunafunga kuku na mbuzi. Kweli, lakini mbuzi ana mwisho wake, nasi tunaujua tangu siku ya kumnunua. Mnyama wa kutazamwa hana mwisho huo. Wale samaki wa mzee wenye rangi ya machungwa na mistari myeupe, wakitunzwa vema, huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Furaha ya mnunuzi mara nyingi huisha mapema. Kwa mawazo yangu kosa laweza kuanza siku ya kununua, lakini linakuwa kubwa siku ile mtu anapochoka kutazama, naye samaki hajachoka kuishi.

Tena, nani analipa deni hilo? Bibi mmoja Mwingereza, Anna Thynne, ni mmoja wa watu wa kwanza waliotunza matumbawe hai nyumbani. Mwaka 1846 aliyaleta London kutoka Torquay. Pampu hazikuwako. Ili maji yapate hewa, yalimiminwa na kumiminwa tena mbele ya dirisha lililo wazi. Jina la bibi linaandikwa vitabuni. Mikono ilikuwa ya mtumishi wake wa kike.

Katika nyumba ile nami niliona mikono. Usiku mmoja wa baridi umeme ulikatika, pampu ikasimama. Maji yasiyotembea hupungukiwa na hewa. Mzee alikuwa na maumivu ya mgongo, basi mama ndiye aliyeshika jagi: teka, mimina, teka, mimina, mpaka saa kumi na moja ya alfajiri, nami nikimpokea. Mama hakupata kuwataka samaki wale hata siku moja.

Mwaka 2022 ikawa lazima wahamie makao ya wazee. Nikasema kwa ujinga: “Baba, warudishe baharini.” Akatikisa kichwa. Bahari ya Ubelgiji ni baridi, watakufa. Hata bahari yenye joto yaweza kuwa si yao. Huko Florida, tangu mwaka 1985, wameonekana samaki wenye miiba ya sumu ambao kwao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki. Yadhaniwa walitupwa na wafugaji, nao wameenea wakiwala samaki wa huko. Mlango wa kutokea, mzee alisema, haukuwako tangu siku ya kwanza.

Kijana mmoja akaja na feza mkononi. Akatazama, akasifu, akauliza bei. Mzee hakutaja bei. Akamwuliza: “Ukisafiri, nani ataongeza maji?” Kijana akakosa jibu, akaenda zake. Mama alikasirika sana, maana siku zilizobaki zilikuwa chache.

Juma lililofuata kijana akarudi pamoja na mke wake. Mke hakuwatazama samaki kwa muda mrefu. Aliuliza maji huongezwa saa ngapi, na kiasi gani. Mama akaenda jikoni kumletea jagi.