Abiria Wasiougua

Likizo iliyopita mjukuu wetu alikuja hapa Kasulo na kompyuta yake, akarusha ndege kutoka Nairobi mpaka New York bila kutoka sebuleni. Ni mchezo wa kuigiza urubani. Njia yenyewe si ya kubuni: tarehe 28 Oktoba 2018 shirika la Kenya Airways lilianza kuruka moja kwa moja kati ya miji hiyo, kilomita karibu 11,800, muda wa saa 15 hivi.

Aliondoka saa mbili usiku, atue saa tano asubuhi. Madereva wa malori tuwaonao Benaco wakienda Rusumo hulala njiani, yeye alikesha. Tulimwuliza mbona asiharakishe, maana mchezo unaruhusu kuyafupisha masaa. Akajibu, "Nikifupisha, Babu, nitakuwa sijafika." Jibu hilo lilitupendeza. Hapakuwa na mtu wa kumkagua, naye hakutaka kujidanganya.

Saa tisa usiku bibi yake alishikwa na kikohozi, akaita aletewe maji. Tuliamka sisi. Kijana alikuwa macho, hatua chache tu kutoka mlangoni, lakini alikuwa amevaa visikio, akipima mafuta ya ndege iliyokuwa ikikaribia Bahari ya Atlantiki.

Asubuhi tulikusudia kumkaripia. Kwanza tukamwuliza: safari ndefu namna hii huwa na marubani wanne wanaopokezana, wewe uko peke yako, abiria akiugua je? Akacheka. "Abiria wangu hawaugui, Babu."

Hapo ukali ukatutoka, kwa kuwa tulikumbuka chuo cha ualimu. Tulikuwa tukifundishana sisi kwa sisi, wenzetu wakijifanya watoto wa Darasa la Tatu (wengine na ndevu zao). Mikono ilinyooshwa pale pale andalio la somo lilipotaka inyooshwe. Tulisifiwa sana. Miezi michache baadaye, katika darasa la kweli, mtoto mmoja aliyelala na njaa aliweka kichwa juu ya dawati. Tulimwona. Tukaendelea na hesabu za kugawanya, kwa sababu dakika zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Hatusemi kwamba mazoezi hayo ni ya bure. Marubani wa kweli nao hufunzwa ndani ya mashine za kuigiza, ambamo mwalimu aweza kuwasha moto kwenye injini asubuhi na tena jioni asife mtu, na ni heri iwe hivyo. Hata uvumilivu wa mjukuu wetu twaukubali. Usingizi alioukosa ulikuwa wake hasa. Linalotusumbua ni hili: je, kuwatumikia watu wasioweza kukuita waweza kuitwa uaminifu? Au ndiyo njia rahisi ya kuuonja bila kuulipia?

Hatukumkaripia. Tulimwambia tu kwamba bibi yake aliita usiku. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mara ngapi?"

Tukamwambia mara tatu.