Siri za Watu Mfukoni Mwangu

Ukifanya kazi nje ya ofisi, kwa simu yako, kwa bando ulilonunua mwenyewe, nani analinda siri za watu zilizo ndani ya hiyo kazi? Na kama ni wewe, kwa nini iwe wewe?

Kazi ya simu huwa tunaiongelea kama habari ya uhuru tu. Hakuna foleni ya Thika Road alfajiri, hakuna bosi wa kukuhesabia dakika za lunchi, hakuna kitabu cha kusaini getini. Uhuru huo nimeuonja na siubezi. Niliacha chuo mwaka wa pili, na ofisi nyingi hazimfungulii mlango mtu asiye na karatasi. Simu haikuniuliza karatasi.

Kazi yangu kubwa ni kunakili mahojiano. Mtafiti anarekodi watu, ananitumia faili za sauti, nasikiliza na kuandika kila neno. Kusikiliza ni kwa simu, kuandika ni kwa laptopu, mahali ni popote penye stima. Ndani ya faili hizo mna watu nisiowajua: mama anayesimulia siku alipoambiwa ana virusi, kijana anayemtaja aliyempiga, kibarua anayeeleza anavyoibiwa mshahara. Karibu kila mara, kabla ya swali la kwanza, kuna sauti inayoahidi kwamba yatakayosemwa yatabaki siri. Mama anajibu, "Sawa."

Hiyo "sawa" ndiyo inayonisumbua. Mama aliahidiwa na mtafiti, si na mimi. Hajui hata kama nipo. Sidhani alifikiria kwamba maneno yake yatapanda matatu ya Rongai, yakae kwa kibanda cha chai simu ikichajiwa, halafu yalale kwenye nyumba ya chumba kimoja tunayokaa wanne.

Ofisi, pamoja na ubaya wake wote, ilikuwa ukuta. Kulikuwa na kabati la chuma, kufuli, soja wa geti, na karani aliyejua funguo ziko wapi. Karani huyo hakuhitaji kuwa malaika, kwa sababu kabati lilimsaidia kuwa mwaminifu. Sisi tulipotoka ofisini tuliacha foleni na bosi, lakini tuliacha na kabati pia. Sasa kabati ni mimi.

Sheria ipo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatofautisha kati ya mdhibiti, anayeamua data itumike vipi, na mchakataji, anayeishughulikia kwa niaba yake. Data ikiangukia mikono isiyofaa na kukawa na hatari ya kweli kwa mwenyewe, mdhibiti ana saa 72 za kumwarifu Kamishna tangu ajue, na mchakataji anatakiwa kumwambia mdhibiti bila kuchelewa, ndani ya saa 48 inapowezekana. Vizuri sana. Lakini Kamishna hayuko kejani saa nne usiku binamu anaponiambia, "Niazime simu nicheki kitu kidogo tu."

Hapo ndipo maadili yanapokuwa magumu, kwa sababu kwetu simu ni kama sufuria, ni ya nyumba. Mtoto anaangalia katuni, shangazi anapigia watu wa nyumbani, binamu anaangalia matokeo ya mechi. Ukiifunga kwa nywila na kukataa kuitoa, hakuna atakayesema unalinda data. Watasema unaringa. Mama mzazi atauliza, "Kwani unaficha nini?"

Rafiki yangu mmoja tunayefanya naye kazi hizi ana jibu lake: "Wananilipa pesa ya chai, wapate ulinzi wa chai." Sio upuuzi. Anasema wajibu ufuate malipo, na kwamba kampuni inayotaka siri zake zilindwe kama benki ilipe kama benki. Ukisikia tunacholipwa kwa saa moja ya sauti, unaweza kukubaliana naye hapo hapo.

Mimi sikubali. Hesabu yake ni ya watu wawili, anayelipa na anayelipwa, ilhali siri ni ya mtu wa tatu ambaye hakuketi kwenye mapatano yetu. Kiswahili kina neno la kitu cha mwenzako kikiwa mkononi mwako: amana. Amana huangalii umelipwa ngapi ndipo uitunze. Utasema, lakini jirani akikuachia ufunguo amekuomba, na mama huyu hakuniomba chochote. Kweli. Ila nilipofungua faili nikasikia sauti yake, nilikuwa nimeshapokea. Kusikia ni kupokea, na hakuna namna ya kurudisha.

Kwa hivyo nafanya ninayoweza. Nasikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, hata nikiwa peke yangu. Faili za kazi sizifungui kwa Wi-Fi ya bure ya mkahawa. Kazi ikipokelewa nafuta sauti, nafuta na nakala iliyojihifadhi mtandaoni. Na kabla sijaanza namuuliza mteja kama waliorekodiwa waliambiwa kuna mtu mwingine atakayewasikia. Wengine hujibu vizuri. Wengine hukaa kimya, na kimya hicho pia ni jibu.

Lakini wajibu kuwa wangu hakumpi mteja ruhusa ya kunawa mikono. Kuna waliowahi kunitaka niweke programu inayopiga picha skrini yangu kila dakika chache, wakaiita usalama. Usalama wa nani? Picha hizo zinabeba maneno ya yule mama hadi kwa kompyuta nyingine isiyojulikana iko wapi. Hapo mteja anajilinda dhidi yangu, na mama anaongezewa mlango wa kuvuja. Anayetaka kazi ifanywe nje ya kuta zake anafaa kugharamia angalau sehemu ya ukuta: simu ya kazi peke yake, mahali salama pa kuweka faili, muda wa kufuta na kuhakikisha. Amana haina bei, lakini kufuli lina bei, na kwa sasa wanaolinunua ni mahasla.

Nitaendelea kulinunua, nikiendelea kulalamika. Hayo mawili yanaweza kukaa pamoja.

Binamu yangu naye ameshaamua kwamba kuna msichana ninayemficha kwa hii simu. Siwezi kumweleza ninachoficha bila kukitoa, kwa hivyo namwacha aamini hivyo.