Kuuza, kuuzisha, na feza ya nkambo

Mu vitabu vya Kiswahili neno fedha liko na maana mbili: madini meupe yenye kungaa, na tena pesa ya kulipa ku soko. Wafaransa nao, neno lao argent linabeba zote mbili. Hapa kwetu Lubumbashi pesa njo franga ao makuta. Feza tunaiachia madini. Lakini inafika siku mutu anatosha feza ya nkambo mu sanduku ili apate franga. Hapo njo ninauliza: faida ya mwenye kununua inaanza kuwa wizi wapi?

Mama mumoja hapa Naviundu alikuwa na kipande cha feza, franga 50 za Congo Belge za mwaka 1944, zenye sura ya tembo. Baba mukwe wake alikiweka tangu wakati wa kazi ku Union Minière. Mutoto alirudishwa ku masomo sababu ya franga, mama akaita mununuzi. Huyu akageuza kipande mu mukono, akasema: “Mama, hii haiko feza ya sawasawa, balichanganya. Nitakulipa bei ya kichuma.” Mama akapokea, akashukuru. Alikuja kulia nyuma, wakati mutoto wa ndugu yake alimuelezea.

Angalia vizuri: mununuzi hakusema uongo. Kipande kile kina grama 17,5, na nusu yake ni metali ingine. Lakini nusu inayobaki, grama 8,75, ni feza. Alisema nusu ya kweli, akalipa sawa vile nusu ingine haiko.

Sasa tusihukumu mbio. Mununuzi wa feza anakula namna gani? Anapima uzito, kisha anatafuta usafi. Numero 925 ku kijiko ao ku bangili ni kusema mu grama 1000 muko 925 za feza safi. 800 ni kusema muko 800. Bei inapangwa ku masoko makubwa ya dunia kwa onsi, ni kusema grama 31,1. Tuseme feza yako ingefika 100 kule. Yeye atakupa 70 ao 80. Ile inabaki inalipa moto wa kuyeyusha, safari, na hatari. Na hatari iko. Mu mwezi wa kwanza wa 1980 onsi ilikaribia dola 50. Tarehe 27 ya mwezi wa tatu ilianguka chini ya dola 11. Mwenye alinunua bei ya juu, nani alimuhurumia? Basi sehemu ile si wizi. Ni mushahara.

Lakini kuna faida ingine, haitoke ku moto wala ku safari. Inatoka ku kutojua kwa mwenzako, ao ku haraka yake. Hii njo ninaikatala.

Mutu atanijibu: “Akili yangu nilijifunza kwa taabu. Munganga anakupatia yake bure?” Neno hilo lina nguvu. Lakini munganga unamulipa ili akuambie ugonjwa wako, hapana ili akufiche. Mununuzi akae na sehemu yake. Asikuulize shukrani kwa kitu alichokuficha. Mimi niko na kipimo kimoja tu: unaweza kufanya hesabu yako mbele ya macho ya mwenye kuuzisha? Kama unaweza, kula faida yako na amani. Kama unafunika karatasi na mukono, unajua mwenyewe.

Hata Kiswahili chetu kinatufundisha. Watu wa Tanzania wanatucheka sababu kwetu kuuza ni kupata kitu kwa franga, na kukitoa ni kuuzisha, ni kusema kufanya mwingine auze. Wacheke. Mu musemo wetu ni tendo moja la watu wawili. Basi wote wawili wajue wanafanya nini.

Tena kuna uzito wenye mizani haipime. Kipande kile ni cha 1944. Miaka mitatu mbele, tarehe 9 mwezi wa 12 wa 1941, hapa hapa mu muji, wakati ule Élisabethville, wafanyakazi wa Union Minière walipigwa risasi sababu waliomba mushahara uongezwe. Mutu aliyefanya kazi mu siku zile akaweka franga 50 bila kuzikula, alikuwa anatuambia kitu. Ni sawa na handa, musalaba wa shaba wa bankambo. Walilipa nao mali ya ndoa. Ku Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbaji wa 1957 na 1958 waliikuta mu makaburi. Franga za Katanga za 1961 zilibeba sura yake. Ku mizani ni shaba tu.

Siseme musiuzishe. Mutoto asome, nkambo mwenyewe angekubali. Lakini kitu cha nkambo si cha mutu mumoja: ita ndugu kwanza, mukae, muongee. Tafuta numero. Ujue kama ni feza mpaka ndani, ao ni kupakwa tu juu. Usisugue kipande cha zamani na muchanga ili kingae, sababu wenye kukusanya vya kale wanalipa zaidi kwa kile hakikuguswa. Uliza wanunuzi wawili, watatu. Kuuliza si ujinga.

Na wewe mununuzi, ndugu yetu, siku mama atakuja na kitambaa chenye fundo, fungua mizani yako mbele yake, useme grama ngapi, feza ngapi, sehemu yako ngapi. Labda utapata kidogo siku ile. Lakini kesho, akikutana nawe ku njia, utamusalimia bila kugeuza uso.