Elimu na Haki ya Mtu Mzima

Wahenga walinena kuwa samaki hukunjwa angali mbichi, na methali hiyo, iliyo ya kweli katika malezi ya watoto, hugeuka dhuluma inapotumiwa kumfungia mtu mzima mlango wa elimu. Katika Bronx, mjini New York, jumuiya iitwayo Per Scholas, iliyoasisiwa mwaka 1995, huwafundisha watu wazima ufundi wa kompyuta na ulinzi wa mitandao pasipo kuwatoza ada, tena kwa kushauriana na waajiri juu ya maarifa wanayoyahitaji.

Je, huo ni ukarimu, au ni haki inayolipwa? Mimi naitakidi kuwa ni haki. Kwa sababu akili ni amana ya Mwenyezi Mungu, wala hapokonywi mtu amana hiyo kwa kuwa nywele zake zimeingia mvi, au kwa kuwa kazi aliyoizoea imetoweka bila hatia yake. Lakini haki hiyo ina sharti: mwanafunzi atoe juhudi na subira, na jamii iliyomwita darasani isimwache mlangoni mwa ajira, maana elimu isiyopewa nafasi ya kutumika humpa mtu matumaini na kumnyima riziki, na utu wake wastahili vyote viwili.